Ubao wa Milimita Ishirini na Tano

Nambari za mwanzo ndizo zilizomfanya Tekla aache chai ipoe. Alikuwa amekaa barazani kwake Goba, siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, daftari limefunguka magotini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alikuwa akizisoma safu mbili za vipimo kutoka juu kwenda chini, badala ya kurukia mstari wa mwisho.

Safu ya kushoto ilikuwa ya ubao mwembamba. Ukiinamishwa nyuzi nne, kilo mbili na pointi sita. Nyuzi nane, tano na pointi tatu. Nyuzi kumi na mbili, sita kamili. Safu ya kulia ilikuwa ya ubao mnene: mbili kamili, tatu na pointi tisa, tano na pointi tisa. Kilo hizo ndizo nguvu ambayo ubao uliyashikia maji kwa ubavu. Jana, kwa kutazama mstari wa mwisho tu, alimpigia simu fundi Badru kule Kiwalani akamwambia achonge mwembamba.

Sasa alitazama mstari wa kwanza. Mbili na pointi sita. Mbili kamili.

Tekla alifundisha mitambo ya maji katika chuo cha ufundi, na jambo hili alikuwa ameliandika ubaoni miaka minane mfululizo. Mbao mbili zenye eneo moja, zikivutwa majini kwa mwendo mmoja na kuinamishwa kwa pembe ndogo ile ile, husukumwa kwa nguvu karibu sawa. Kwenye nyuzi nne unene hauna neno. Unaanza kuwa na neno pembe inapokuwa kubwa: mwembamba mwenye pua kali huyaachia maji ghafla, mnene mwenye pua ya mviringo huendelea kuyashika. Kwa hiyo tofauti ile kwenye mstari wa kwanza haikuwa ndogo. Haikupaswa kuwapo kabisa.

Na hili halikuwa swali la mtihani. Lilikuwa swali la Salma.

Mashua aliyoiendesha Salma ilikuwa ndogo, ya watu wawili na tanga moja, na katikati ya sakafu yake kulikuwa na mfereji mwembamba ambamo ubao mpana hushushwa wima hadi chini ya maji. Bila ubao huo, upepo wa ubavuni huisukuma mashua pembeni kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta. Wiki sita zilizopita ubao wa zamani, bapa kama mlango wa kabati, uliyaachia maji katika mlango wa miamba wa Kawe wakati mashua ikigeuka. Salma, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alitupwa kwenye mwamba akavunjika mtulinga. Ubao ule bapa aliupitisha Tekla. Alikuwa amesema unatosha.

Salma alibakiza miezi miwili apate cheti cha ukufunzi wa mashua za tanga. Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa Bi Zubeda, shangazi yake, muuza samaki wa Kawe aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Bi Zubeda hakupiga kelele hospitalini. Alisubiri bandeji ifungwe, ndipo akasema.

"Mwalimu, mie sina ugomvi na bahari. Kaka zangu wote wamekula kwa bahari. Lakini siku mtakayomrudisha kwenye tanga nitasimama pale ufukweni kwa miguu yangu. Apite kwenye mlango ule ule, mbele ya macho yangu. Ikimburuza tena kwenye mawe, namshika mkono mwanangu tunarudi nyumbani, na cheti chenu mkipeleke mnakojua."

Siku hiyo ilikuwa keshokutwa.

Tekla alipiga simu Kiwalani. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Alimjua Badru: mashine ya randa ikiwaka, simu huwa mfukoni mwa koti, na koti huwa msumarini. Mara ya nne ikapokelewa, na ngurumo ya mashine ikamjaa sikioni.

"Fundi, simamisha!"

"Nani?"

"Tekla. Zima mashine. Umeanza?"

Ngurumo ikafa. "Madam, mie tangu saa moja niko juu yake. Si ulisema mwembamba?"

"Umeondoa kiasi gani?"

Alisikia futi ya chuma ikigonga mbao. "Upande mmoja tayari. Ilikuwa thelathini na mbili. Imebaki ishirini na tano."

Tekla alifumba macho. Ubao mnene aliokuwa ameupima ulikuwa milimita thelathini. Huo sasa haukuwezekana tena, jibu liwe lolote.

"Usiguse tena," alisema. "Huenda nimekosea."

"Huenda?" Badru alicheka bila furaha. "Nyie wasomi mna raha, mbao zenu ni za karatasi, mnafuta. Huu ni mninga, madam. Umekauka miaka mitatu darini kwangu, na mwingine kama huu sina."

"Najua. Nipe muda."

"Saa saba mchana napaka fiba. Ikipita saa saba, Jumamosi ubao unateremka majini ungali unanata kama kashata. Saa saba, basi."

Tekla alikata simu akaandika sababu tatu. Ama mwendo wa boti ya mashine iliyovuta mbao za majaribio ulitofautiana siku mbili zile. Ama kielelezo cha ubao mnene kilichongwa vibaya. Ama mizani. Kila sababu ilikuwa na hukumu yake. Kama kielelezo kilikuwa kibovu, basi ubao mnene anaoweza kuuchonga Badru kweli ni dhaifu, na mwembamba ndio wa kuchagua. Kama tatizo lilikuwa mizani, mambo yaligeuka chini juu.

Mwendo ulikuwa rahisi kuthibitisha. Salma ndiye aliyeshika mashine ya boti siku zote mbili, na simu ya Tekla ilirekodi: kilomita tano na nusu kwa saa Jumatatu, tano na nusu Jumanne, maji yakiwa yamesimama. Vielelezo vyote viwili, alivyovichonga Badru kwa msonobari, vilikuwa vimeegemea ukuta wa stoo. Akachukua kalipa ya kupimia unene na kigezo cha karatasi ngumu akapima kila kimoja mahali kumi na mbili. Kosa kubwa kuliko yote aliloliona lilikuwa nusu milimita. Badru alikuwa na mdomo, lakini mkono wake haukuongopa.

Ikabaki mizani.

Alizikopa kwa Bi Zubeda kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu: mizani za springi za kutundika, zenye uso wa duara na kulabu, aina ile ile anayoshika kila muuza samaki. Jumatatu alipewa moja. Usiku ule ule akairudisha, ilitakiwa mezani. Jumanne akapewa nyingine, inayofanana nayo kama pacha. Daftarini aliandika *A* na *B*. Kabla ya kila kipimo alihakikisha sindano iko kwenye sifuri. Sifuri tu. Hakuning'iniza kitu chochote chenye uzito unaojulikana. Mwanafunzi wake akifanya hivyo hupata sifuri nyingine, kwenye karatasi ya majibu.

Angeweza kumpigia Badru pale pale. Sababu mbili zimeondolewa, imebaki ya tatu. Lakini kuipata sababu kwa kuondoa nyingine si kuipima, na alikuwa amedhani mara mbili tayari: mara moja kwa ubao bapa, mara moja kwa sifuri. Akatoa kabatini chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Maji yake, kilo moja na nusu. Plastiki, gramu thelathini. Akasimamisha bodaboda.

Walipokuwa wakiteremka kuelekea Mbezi ndipo swali la pili, kwa nini zitofautiane, lilipomjia, na lilikuja na jibu lake. Springi ikichoka, huchoka kwa upande mmoja: husoma zaidi. Zikichoka mbili, zote zitasoma zaidi. Hizi moja ilizidi nyingine kwa theluthi nzima. Iliyozidi husimama mezani mchana, wakati Bi Zubeda anauza. Nyingine hushuka naye ufukweni alfajiri, wakati ananunua kwa wavuvi.

Tekla akaishika chupa kwa mikono miwili.

Hakuwa na haja ya kujua mambo ya meza ya mtu. Alikuwa na haja ya nambari mbili. Lakini nambari hizo zilikuwa nyuma ya mwanamke ambaye neno lake ndilo litakalomruhusu Salma au kumzuia. Akiitundika chupa ile mbele ya wateja, atapata ukweli na kumpoteza msichana. Asipoitundika, msichana atakuwa juu ya ubao usiofaa. Bodaboda ilipofika Kawe ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, na hakuwa ameamua.

Meza ya Bi Zubeda ilikuwa ya tatu kutoka mwanzo, imezungukwa na watu watatu: mama mmoja aliyevaa dera la kijani, kijana wa mgahawa mwenye ndoo, na mzee mmoja aliyevaa miwani, mikono nyuma, aliyeonekana kununua samaki kwa maswali. Mizani ilining'inia kwenye ndoano juu ya vichwa vyao. Salma alikuwa akipasua barafu ndani ya deli kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa haujarudi kwenye nguvu zake.

"Shikamoo, mwalimu!" aliita. "Umekuja kula au kufundisha?"

"Marahaba. Shikamoo, Bi Zubeda."

"Marahaba." Bi Zubeda aliendelea kuparua magamba ya changu. Kisha akaiona chupa. "Umebeba maji toka Goba? Kawe napo kuna maji, mwanangu."

Mama wa dera akacheka.

"Si ya kunywa," alisema Tekla. "Nilitaka kuyapima."

Kisu kikasimama juu ya samaki kwa muda wa pumzi moja, kikaendelea.

"Hapa anapimwa samaki. Maji yana mita yake."

"Suala la dakika moja, shangazi," alisema Salma, akijifuta mkono. "Lete nikutundikie, mwalimu."

Akanyoosha mkono. Tekla hakumpa chupa.

"Hata mie ningependa kuona," alisema yule mzee wa miwani. "Hiyo ni lita moja na nusu, siyo? Basi isome kilo moja na nusu. Tutajua mizani yako inasali, Bi Zubeda!"

"Inasali kuliko wewe," alijibu Bi Zubeda, na watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini macho yake hayakutoka usoni kwa Tekla. Hayakuwa macho ya kuomba. Yalikuwa ya mtu anayengoja kuona mwenzake ni mtu wa namna gani.

Kulabu ilikuwa mkono mmoja juu ya kichwa cha Tekla. Hakuna ambaye angemzuia.

Aliiweka chupa chini, kando ya mguu wa meza.

"Bi Zubeda," alisema, kwa sauti ile ile anayosomea orodha ya majina darasani, "Jumatatu ulinipa mizani hii. Jumanne ukanipa ile ya asubuhi. Ubao mmoja nimeupima kwa hii, mwingine kwa ile. Kisha nikalinganisha."

"Ukalinganisha."

"Ndiyo. Umeshinda ule uliopimwa kwa hii ya mezani. Ule mwembamba. Fundi yuko na randa mkononi, anangoja neno langu mpaka saa saba. Huo ndio utakaokuwa chini ya Salma Jumamosi."

Bi Zubeda alimgeuza changu upande wa pili. "Mizani ni mizani," alisema.

"Kama zote mbili zinasema jambo moja, basi sina swali. Nampigia fundi sasa hivi, nisikupotezee muda."

Tekla akatoa simu. Hakuwa akitisha. Kama mwenye mizani angesema ni sawa, hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, na mbele ya watu wale asingemwita mwongo. Alitafuta jina la Badru. Alilipata. Kidole kilikuwa juu yake.

Bi Zubeda alimtazama Salma. Msichana alikuwa ameinamia deli tena, blauzi imeteleza begani, na pale mtulinga ulipoungana palionekana kifundo, kama cha muwa.

"Ngoja," alisema Bi Zubeda.

Alimtundika changu wa mama wa dera, akasoma, akamtia kwenye mfuko. Kisha akachukua vibua wawili wakubwa pembeni, akawatia juu yake bila kuwapima.

"Leo kuna nini?" aliuliza yule mama.

"Leo kuna Alhamisi. Nenda kabla sijaghairi. Na wewe mzee, kama hununui, nipishe jua. Salma! Kaniletee barafu."

"Barafu ipo, shangazi."

"Kaniletee nyingine."

Nyuma ya meza kulikuwa na kibanda cha mabati, harufu ya chumvi na mafuta ya taa, madeli matatu na kiti kimoja. Bi Zubeda aliingia na mizani ya mezani mkononi, akafunga mlango kwa kisigino. Kutoka chini ya gunia akaitoa ya pili. Akazitundika zote kwenye boriti, sako kwa bako. Alichukua chupa kutoka kwa Tekla, akaifunga kamba shingoni, akaining'iniza kwenye ya kwanza.

Kilo moja na robo tatu.

Akaihamishia kwenye ya pili.

Kilo moja na pointi tatu.

Nje mtu alikuwa akinadi dagaa. Tekla aliandika nambari mbili.

"Nilizikuta hivi," alisema Bi Zubeda. "Aliniachia mama mkwe, pamoja na meza. Hii ya kuuzia, hii ya kununulia. Sijawahi kuzifungua."

"Sikukuuliza."

"Najua hukuuliza. Ungeuliza nisingekwambia."

"Jumatatu ungeniambia tu kwamba hazifanani."

"Uliniambia unapima mbao." Bi Zubeda aliifungua kamba kwenye shingo ya chupa. "Ubao hauna mnunuzi. Nilijuaje kama utapima mmoja huku na mwingine huku?"

Hilo lilikuwa kweli. Tekla aliegemea deli akapiga hesabu. Mizani ya mezani iliongeza takriban kumi na tano kwa mia. Ya asubuhi ilipunguza kiasi hicho hicho. Alipozirekebisha safu zake, mistari miwili ya mwanzo ilisimama bega kwa bega: mbili na pointi tatu kila upande, nne na pointi sita kila upande, kama kitabu kinavyotaka. Kwenye mstari wa tatu zikaachana. Ubao mwembamba, tano na pointi mbili. Ubao mnene, sita na pointi tisa.

Kwenye nyuzi kumi na mbili mwembamba ulikuwa umekwisha kuachia. Na nyuzi kumi na mbili ndiyo hali ya mashua inapotoka kugeuka, mwendo umekufa na upepo umeishika, pale katikati ya miamba.

"Unasema nini?" aliuliza Bi Zubeda.

"Mwembamba ungemtupa."

Mama mtu mzima alikaa kwenye kiti. "Basi mchongee mnene."

"Mnene umeshapita. Fundi alianza asubuhi, kwa neno langu. Zimebaki milimita ishirini na tano."

"Na huo wa ishirini na tano umeupima?"

"Hapana."

Hiyo ndiyo nambari ambayo hakuwa nayo, na hapakuwa na muda wa kuitafuta. Alichoweza ni kuchagua umbo zuri kuliko yote yaliyobaki ndani ya mti ule. Upana milimita mia mbili na hamsini, unene ishirini na tano, sehemu moja ya kumi. Uko kati ya ubao ulioachia na ubao ulioshika. Umbo lake lilikuwa kwenye majedwali aliyoyajua. Akampigia Badru. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Fundi, andika. Unene usipunguze hata chembe. Nitakupa umbali kutoka ukingo wa mbele, halafu unene wa mahali hapo. Umbali tatu, unene nane. Kumi na mbili na nusu, kumi na tano."

"Subiri, penseli... Kumi na tano. Endelea."

"Ishirini na tano, kumi na tisa na nusu. Sabini na tano, ishirini na tano zote, hapo ndipo penye tumbo. Mia moja ishirini na tano, ishirini na mbili. Kisha unashuka polepole mpaka mkiani, milimita mbili. Pande zote mbili ziwe sawa. Nisomee."

Badru akasoma.

"Madam, tatu kwa nane? Hiyo si pua, hicho ni kisigino. Kitu cha kupasua maji unakipa pua butu?"

"Butu. Ya mviringo kama yai. Makali yakae nyuma."

"Haya. Akiuliza mtu nani kachonga, mie nilikuwa msibani."

Salma alirudi na kipande cha barafu kwapani kikichuruzika, akawakuta wametoka, mizani iko juu ya meza na shangazi yake anampimia kijana wa mgahawa.

"Mizani ilikuwa na nini, mwalimu?"

Bi Zubeda hakuinua uso.

"Nilipima vibaya," alisema Tekla. "Nilikagua sifuri, nikaishia hapo."

Kila neno lilikuwa kweli. Aliliangalia daftari: *A inazidisha, B inapunguza*. Jina halikuwamo. Jina lisingebadilisha kipimo.

Jumamosi saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepwa na miamba imetoa migongo. Mlango wenyewe ulikuwa na upana wa mita thelathini, mwamba upande mmoja, na upande wa pili nguzo nne za chuma zilizokula kutu, mabaki ya gati la zamani. Upepo ulitoka baharini moja kwa moja, kwa hiyo Salma asingeweza kupita kwa mstari. Ilibidi abishe: aende upande huu, ageuke, aende upande ule, ageuke tena, ndani ya nafasi ile ile. Ubao mpya ulikuwa chini yake, umepakwa fiba, umekauka. Badru alikuja kuushuhudia, vumbi la mninga lingali kwenye kope.

Bi Zubeda alisimama mwisho wa mchanga, kanga ameishika kifuani.

Mgeuko wa kwanza ulikuwa safi. Mashua ilikuja mpaka karibu na nguzo, tanga likapiga makofi mara mbili, likajaa upande wa pili. Tekla alikuwa amesimama mahali alipopachagua tangu alfajiri, ambapo mlingoti ukifika kwenye mgeuko wa pili utakaa sawia na nguzo ya tatu. Mlingoti ukitoka kwenye nguzo kwenda kushoto, mashua inateleza kuelekea mwamba.

Mgeuko wa pili Salma aliuchelewesha. Upepo ulikuwa umepungua, akataka kuusubiri, na mashua ikaingia kwenye mgeuko bila mwendo. Ikasimama. Tanga likaning'inia kama nguo kambani. Kisha upepo ukarudi wote kwa pamoja, ukaipiga ubavuni.

"Hapo hapo," alisema Badru kwa sauti ndogo. "Siku ile ilikuwa hapo hapo."

Mlingoti ukaiacha nguzo. Ukasogea kushoto, upana wa kidole. Tekla alinyoosha mkono mbele ya jicho moja, akahesabu. Vidole viwili. Nyuma ya Salma mwamba ulikuwa ukitoa povu. Vidole viwili na nusu. Msichana hakulivuta tanga. Alilegeza kamba kidogo, akaipa mashua nafasi ya kuanza kwenda, kama alivyofundishwa, na bega bovu likapanda juu.

Mlingoti ukasimama. Ukakaa hapo, vidole viwili na nusu kutoka kwenye nguzo, kwa muda ambao Tekla hakuupima. Kisha mashua ikaanza kwenda mbele, si pembeni, ikapita nje ya mwamba, ikatokea upande wa bahari.

Badru alipiga kofi moja, akaona wengine hawakupiga, akaweka mikono mfukoni.

"Mwalimu," alisema Bi Zubeda. "Macho yangu ya mbali si mazuri. Imeteleza?"

Salma alikuwa amegeuza mashua, anawapungia mkono. Badru alimtazama Tekla akatikisa kichwa kidogo sana: *sema hapana*. Mtu yeyote angesema hapana. Na Tekla alikuwa akimwona yule msichana kule, mdogo kama kisoda, akicheka.

"Imeteleza," alisema. "Mita moja na nusu. Kisha ikashika."

"Siku ile iliteleza ngapi?"

"Kumi na moja. Mpaka jiwe likaizuia."

Bi Zubeda alikuwa akiangalia mahali pale ambapo yeye, kwa kauli yake, hapaoni vizuri.

"Ungesema haikuteleza, ningejuaje?"

"Usingejua."

"Hm." Aliifunga kanga upya. "Mwambie apite tena. Kitu hakipimwi mara moja."

Tekla akainua mikono yote miwili na kuizungusha. Salma akaelewa, akaugeuza usukani. Akapita mara ya pili, na mara ya tatu. Mara zile hakuchelewesha, na mlingoti haukuiacha nguzo zaidi ya kidole kimoja. Kila mara Bi Zubeda aliuliza, "Ngapi?" na Tekla akampa nambari.

Baada ya mara ya tatu Bi Zubeda alivaa viatu.

"Akitoka mwambieni apitie mezani, kuna barafu ya kupasua."

"Na Jumatatu?" aliuliza Tekla.

"Jumatatu si ana mafunzo?" alisema Bi Zubeda, akaanza kupanda mchanga. Alipofika kwa Badru alisimama. "Wewe ndiye uliyechonga?"

Badru alimtazama Tekla, akaitazama mashua, akajipangusa vumbi kwenye kope.

"Ndiye mie, mama," alisema.